Zimwi la Mikono Mirefu

Harufu ya vitambaa vipya, ile ya wanga inayowasha pua kidogo, ilijaa kwenye stoo ya duka la baba yake Shabnam, na humo ndimo nilimoshinda karibu kila mchana nilipokuwa darasa la sita. Mama alikuwa mpiga chapa wa serikali, amehamishiwa Dodoma kutoka Tanga, na nyumba yetu ya Ipagala ilikuwa na sisi wawili tu na upepo wa vumbi. Sikuwa na mtu mwingine wa kucheza naye. Shabnam, niliyeketi naye dawati moja, alikuwa ametumiwa na binamu yake wa ng'ambo kitabu cha mchezo pamoja na dadu. Tulichora miraba kwa chaki kwenye sakafu, tukaweka vizibo vya soda kuwa mashujaa wetu, naye akanisomea kanuni taratibu, akizitafsiri.

Adui aliyetushinda alikuwa zimwi la mikono mirefu. Panga zetu zilifika mraba mmoja. Mikono yake ilifika miwili. Kila aliyelisogelea alipigwa kabla hajainua upanga. Shabnam ndiye aliyegundua kwamba lingeweza kumpiga anayesogea mara moja tu katika kila mzunguko, kwa hiyo mmoja akitangulia kupigwa, wa pili angepita salama. Nikatangulia mimi, nikafa. Yeye akarusha dadu, akakosa. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa. Siku ya nne nikagoma.

"Kwa nini kila siku nife mimi?" nilimwuliza.

Akasukuma kizibo chake mbele. "Leo natangulia mimi. Wewe njoo nyuma yangu."

Alipigwa, akafa. Nikapita, nikarusha dadu, na zimwi likaanguka. Nilirukaruka kwa furaha. Yeye alikuwa akifuta chaki kwa kiganja. Ndipo aliponiambia kwamba Jumamosi wanahama. Baba yake alikuwa amesema watu sasa wanavaa mitumba, vitambaa havitoki tena. Nilimwuliza kama watarudi, akasema hajui. Nilikasirika kana kwamba yeye ndiye aliyelifunga duka, nikaondoka bila kuaga. Jumamosi hiyo nilijifanya nafua sare za shule zilizokuwa safi, hadi saa ya safari yao ikapita.

Jumatatu mwalimu alinipa bahasha yenye zile dadu. Haikuwa na barua. Nilichora miraba uani kwetu, nikaweka vizibo viwili, nikamtanguliza yeye, nikamfuata mimi, na dadu zote nikarusha mwenyewe. Nilifanya hivyo likizo nzima.

Siku hizi mwanangu anacheza michezo ya namna hiyo kwenye simu na watoto wa nchi asizowahi kufika, na akigombana na mmoja, dakika hiyo hiyo anampata mwingine. Mwaka jana nilimtafuta Shabnam mtandaoni. Nikampata mwanamke mwenye jina lake na umri wetu, nikamwandikia ukurasa mzima wa kuomba msamaha. Alinijibu kwa upole kwamba hajawahi kufika Dodoma, ila anatumaini nitampata.