Upande wa Kushoto wa Meza

Meza yetu ya tenisi ilichongwa kwa mninga na fundi wa hapa Mpanda, nzito kiasi kwamba kwaya ya parokia ilikata tamaa ya kuitoa ukumbini, ikawa inaimba kwa kuizunguka. Wavu ulikatwa kutoka kwenye nyavu za dagaa za Karema. Vifaa vilikuwepo, wachezaji ndio hawakuwepo. Penye miti hapana wajenzi, na huku kwetu msemo huo haujawahi kukosea.

Tulikuwa wawili tu. Mimi, mwalimu wa hesabu niliyepangiwa kazi mbali na nyumbani, na daktari wa kituo cha afya, mzaliwa wa Katumba, mtu wa maneno machache aliyekuja jioni kwa baiskeli, kibao chake kikiwa kimeviringishwa kwenye kitenge. Tulicheza miaka. Mara anishinde, mara nimshinde, siku zote kwa pointi chache. Simu yangu niliiegemeza kwenye ngoma ya kwaya iturekodi, maana nilipenda kujitazama nikipiga. Mtu mpweke hujipenda kwa njia za ajabu.

Kisha daktari akahamishiwa Mtwara. Muda mfupi baadaye nikaenda Sumbawanga kwenye mashindano ya watumishi, kichwa kimenivimba, na kijana mmoja wa benki akanifunga seti zote kabla jasho halijamtoka. Nikarudi na swali lililoninyima raha: je, mimi ni mchezaji, au miaka yote hiyo nilikuwa najidanganya?

Sikuwa na wa kumuuliza. Nikafanya ninachokijua. Wanafunzi walipokwisha kuondoka, nilichora meza ubaoni, nikaigawa vyumba, nikatazama polepole video ya Sumbawanga niliyorekodi kwa simu ile ile. Kila mara kijana yule alipoanzisha mpira, niliweka nukta pale ulipodondoka. Nukta zikarundikana mahali pamoja: kushoto kwangu, karibu na wavu. Huko mguu wangu huchelewa, na kibao hufika kikiwa kimelala. Kijana aliliona hilo mapema, akalima hapo hapo mpaka mwisho.

Nikafuta ubao, nikaanza video za daktari. Zilinichukua jioni nyingi, na sikuwa na haraka, kwa sababu darasani mle angalau nilimwona mtu ninayemfahamu. Nukta zikajaa kulia, zikajaa katikati. Ule upande wa kushoto ukabaki mweusi. Nilimcheka kidogo. Kumbe na yeye alikuwa hajui kusoma mchezo.

Halafu nikakutana na kipande kimoja ambapo mpira wake ulianguka kushoto, mfupi, nami nikaukosa. Akainua kiganja kuniomba radhi. Katika mchezo huu mtu huinua mkono hivyo akipata pointi ya bahati, mpira ukigusa wavu au ukingo wa meza. Nikairudisha video tena na tena. Mpira haukugusa wavu wala ukingo. Ulikuwa mpira safi kabisa, umemponyoka tu.

Nilikasirika. Hakuna kinachoudhi kama kuhurumiwa bila kuambiwa. Nikampigia simu.

"Daktari, ulijua kwamba kushoto kwangu hakuna mtu?"

"Nilijua tangu mwanzo, Mwalimu."

"Sasa mbona hukupiga huko? Umeniacha nikaenda kuaibika mbele za watu."

Nikasikia mvua ikipiga bati la huko kwake.

"Kabla hujaja, alikuwepo bwana mmoja wa misitu," akasema. "Huyo nilimfunga kila siku. Akaacha kuja. Nikabaki napiga mpira ukutani peke yangu, mpaka wewe ukahamia."

"Kwa hiyo mimi si mchezaji."

"Hilo sijui, Mwalimu. Mimi nilikuwa naangalia kama kesho utakuja."

Hasira zikaniisha, na kilichobaki kilikuwa kizito kuliko hasira. Nikamuuliza kama huko Mtwara amepata mtu wa kucheza naye. Akasema meza ipo, tena nzuri ya dukani, ila mtu bado. Tukakaa kwenye simu, kila mmoja kwake, mpaka salio langu likaisha.