Mwaka Tulioogopa Simu

Ijumaa iliyopita, baada ya chakula cha mchana, mwanangu alitusomea habari kutoka kwenye simu yake. Wataalamu, alisema, wameunda mashine ya kuiga sauti ya mtu yeyote. Inakusikiliza kidogo tu, kisha inazungumza kama wewe. Mume wangu akacheka, akasema hizo ni habari za kutafutia wasomaji, akaendelea na tikiti lake. Mimi sikucheka. Nilisimama na sahani za watu mikononi, hapa sebuleni kwetu Khuwair ya Kusini. Wewe unanijua, mimi ni mwoga wa kuzaliwa. Lakini woga huu wa habari na mashine niliuokota mahali, na mahali penyewe ni Matrah, mji wa bandari, nyumbani kwa Bibi.

Nyumba ilikuwa juu, nyuma ya soko, kwenye uchochoro ambao majirani wawili wakikutana lazima mmoja ageuke ubavu. Tuliishi humo Bibi, aliyemzaa baba yangu. Baba na Mama. Mjomba wangu, ambaye ni ndugu yake Mama na alikuwa hajaoa bado. Mimi, na mdogo wangu wa kunyonya. Asubuhi ukifungua dirisha unasikia mikokoteni ya wachukuzi ikigongana sokoni na honi za meli bandarini. Bibi alizaliwa Unguja, akavuka bahari kuja huku kwa Waarabu akiwa msichana mkubwa, lakini jikoni kwake Unguja haikuhama. Kazi yangu ilikuwa kuchagua mchele na kukuna nazi. Nikikuna kwa pupa mpaka ule weusi wa kifuu ukaingia, sinia lilirudishwa mbele yangu, nami nikaanza upya huku vidole vinaniuma.

Baada ya Alasiri, kahawa ikishamiminwa na mkate wa kumimina ukishakatwa, Mjomba alifungua gazeti lake la Kiarabu na kututafsiria. Alipenda habari za sayansi kuliko kitu chochote. Alizisoma kama vile yeye mwenyewe kazigundua. Na Bibi ndiye aliyekuwa hakimu wake. Wataalamu wamesema nazi inadhuru moyo. Bibi akaendelea kukamua tui. Baada ya miezi, wataalamu wengine wakasema nazi ni dawa ya moyo huohuo. "Wakishapatana waniite," alisema. Siku iliyosomwa kwamba kuna maji kwenye sayari ya mbali, alimtazama Mjomba kwa huruma. "Huku tangi letu lavuja, wao wanatafuta maji mbinguni." Na siku ya habari ya roboti la kupika aliuliza swali moja tu, ambalo mpaka leo sijasikia likijibiwa: "Laonja kwa mdomo gani?"

Tulicheka sana, nami nilidhani ni maskhara tu. Baadaye ndiyo Mama alinieleza. Siku zile za fujo Unguja, mkubwa mmoja wa mtaa alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu watulie, hapana jambo. Wazazi wa Bibi wakatulia. Kabla jua halijazama walikuwa wanatoka kwa mlango wa nyuma na nguo walizovaa. Tangu siku hiyo Bibi hakumwamini mtu yeyote aliyezungumza kwa niaba ya wakubwa, na chochote kilichopigwa chapa kwenye karatasi alikihesabu ni maneno ya wakubwa.

Basi siku moja jirani wa nyumba ya pili akaingia, buibui limemteleza mabegani, hata kahawa hakuitaka. Imezuka simu inayoua, alisema. Inalia, namba inatokea nyekundu. Ukiipokea tu, damu inakutoka masikioni, umekwisha. Keshakufa mtu.

"Nani kakwambia?" Bibi akamuuliza. "Huyo aliyekufa?"

Jirani akaondoka amenuna. Mjomba alicheka mpaka akapaliwa, akatufundisha habari za minara na mawimbi, na mambo yangekwisha hapo. Lakini baada ya siku chache gazeti lenyewe likaandika. Wahusika wa mawasiliano, Mjomba alisoma kwa furaha, wanawahakikishia wananchi kwamba uvumi wa simu inayoua hauna ukweli wowote, wala hapana sababu ya kuogopa.

Bibi akaweka kikombe chini. "Wamekanusha?"

"Wamekanusha, bi mkubwa. Khalas, yamekwisha."

"Basi kitu kipo. Mbona hawajakanusha kama bahari ni tamu?"

Nilimtazama Mjomba nikingojea acheke. Akakunja gazeti. Nadhani hapo ndipo nilipoingiwa na woga wa kweli, maana nilikuwa sijapata kumuona Bibi anaogopa kitu cha gazetini.

Ukiacha simu ya Baba, aliyotoka nayo kila siku, nyumbani kulikuwa na simu moja ya mkono ya watu wote, ya vitufe, yenye kioo cha kijani kisichojua rangi nyingine. Mjomba alijaribu kutumia hilo: namba nyekundu haiwezi kutokea kwenye simu hii. "Ndiyo mbaya zaidi," Bibi akajibu. "Itakuja, wala hatutaijua." Ikatoka amri: ikitokea jina, pokea, ikitokea namba tupu, usiguse. Simu ikahamishiwa kwenye kabati la vioo, katikati ya vikombe vya harusi ya Mama. Ilipolia ilitetemeka, na vikombe vyote vikatetemeka nayo. Mlio ule wa vikombe niliuchukia. Nilikuwa nikilala na shuka limenifunika masikio, na Mama, ambaye alijifanya haamini, alianza kumwekea mdogo wangu pamba ya masikio akisema ni kwa sababu ya baridi. Baridi gani Matrah, wewe niambie.

Sasa nisikilize. Ilikuwa karibu na khitma ya kumuombea Babu, na Bibi alitaka jodari wa Qurayyat, mji wa wavuvi ng'ambo ya milima, hakutaka wa sokoni chini yetu. Baba angekwenda kesho yake asubuhi. Jioni hiyo Mjomba akasoma kwamba mvua kubwa inatarajiwa milimani, wenye safari wajihadhari na wadi, yale mabonde makavu ya huku ambayo maji yakija hayapigi hodi. Baba akasita. Akasema labda angojee siku mbili.

"Mwezi uliopita walisema mvua," Bibi akamwambia, "nikaanua nguo zangu mbichi, jua likanicheka. Nenda, mwanangu. Samaki hawasomi gazeti."

Baba alikuwa mwanawe wa pekee aliyebaki. Akambusu mkono, na asubuhi akaenda.

Adhuhuri mbingu ikawa nyeusi upande wa milima. Kisha ikanyesha, mvua ya huku isiyo na mazoea, maji yakateremka kwenye ngazi za uchochoro yakibeba viatu vya watu. Mama alimpigia Baba, simu haikuita. Akapiga tena, haikuita. Jirani alipitisha kichwa dirishani akasema wadi ya njia ya Qurayyat imeshusha maji na magari yamechukuliwa. Bibi alikaa kwenye mkeka, tasbihi mkononi, lakini shanga hazikuwa zinasogea. Mjomba hakuthubutu kumkumbusha habari ya gazeti. Uso wake ulikuwa umekuwa mdogo.

Hapo vikombe vikaanza kutetemeka.

Tukakimbilia kabatini sote. Kwenye kioo cha kijani ilikuwa namba tupu, ndefu, ya mtu tusiyemjua. Mama akanyoosha mkono, Bibi akaudaka. "Wewe una mtoto kifuani." Mama akamgeukia ndugu yake. Mjomba wangu, msomaji wa gazeti, mwalimu wetu wa minara na mawimbi, alisimama hatua moja kutoka kabatini, mikono kaificha nyuma. Simlaumu. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania nguo ya Mama, nikiomba simu inyamaze, na ikanyamaza.

Tulikuwa tunajua, sote, bila kuambiana, kwamba huenda aliyekuwa anapiga ni Baba na huenda hatapiga tena.

Ikalia mara ya pili.

"Tokeni," Bibi alisema.

"Bi mkubwa, niache nipokee mimi," alisema Mama. Alikuwa analia.

"Tokeni nyote! Mimi nshakula yangu. Sanda yangu imo kwenye kasha, chini ya kanga mpya, na ubani umo. Nendeni."

Akatusukuma kwa mikono miwili mpaka ukumbini, akafunga mlango kwa ndani. Nilimsikia akifungua kabati. Nilimsikia akitoa shahada, taratibu, kila neno mahali pake, kama mtu anayeaga. Nikajibana ukutani nikaziba masikio, kisha nikayazibua, maana kutosikia kulinitisha zaidi.

"Nani?" sauti yake ilisema. Kimya. "Sema jina la mama yangu aliyenizaa." Kimya tena. Kisha sauti nyingine kabisa, ambayo sikujua kama Bibi anayo, nyembamba, ya kupasuka: "Uko wapi, baba? Umerowa? Umekula?"

Mama akakaa chini palepale na mtoto wake mkononi. Gari lilikuwa limekwenda na maji, na simu ya Baba ndani yake. Yeye alivutwa kwa kamba na watu wa kijiji, wakampa chai na simu yao. Haya tuliyajua baadaye. Wakati ule tulijua tu kwamba yu hai, tukaugonga mlango ule kwa furaha.

Haukufunguliwa.

"Bibi!" niliita. "Bibi, tufungulie!"

"Ngojeni kwanza," alijibu kutoka ndani. "Sijajua kama nshakufa. Huenda inachelewa."

Akakaa humo peke yake, kwa kuwa aliogopa kitu kile kisije kikatuambukiza. Sisi tukakaa nje tumeegemea mlango, na kila baada ya muda Mama aliuliza, "U mzima?" naye akajibu, "Bado mzima." Hakutoka mpaka Maghrib ilipoadhiniwa, maana alitaka kutia udhu. Alipita katikati yetu bila kututazama, akamwambia Mjomba aende akamchukue Baba, akaniuliza mimi kama mchele umechaguliwa.

Uvumi ule uliisha kama ulivyokuja. Bibi alifariki miaka mingi baadaye, usingizini, kwa maradhi ya kawaida ya uzee. Nyumba ya Matrah imekuwa ghala la mfanyabiashara wa vitambaa. Nilipita mwaka jana, uchochoro umetiwa taa nzuri na dirisha letu limezibwa kwa matofali. Mjomba alioa, ana watoto wakubwa, na gazeti halinunui tena. Watoto wangu wanazisoma habari za mashine, wanacheka, wanazipita kwa kidole gumba, na sina la kuwaambia, kwa kuwa mara nyingi wanachokicheka ni uongo kweli.

Lakini bado naogopa, na siogopi mashine hasa. Leo nimezungukwa na watu wanaojua kwa hakika kwamba simu haiui mtu, nami ni mmoja wao. Yule aliyeamini kwamba inaua, na akaipokea, hayupo tena.