Mtu wa Kutusemea

Ilikuwa Jumanne. Mvua ya asubuhi ilikuwa imeacha tope hadi mlangoni mwa darasa, na wanafunzi walikuwa wakikwangua viatu kwa vijiti kabla ya kuingia. Nilikuwa mwalimu wa historia katika sekondari ya mji wetu mdogo katika eneo la Kivu. Mkuu wa shule, Papa Kalinda, ambaye sote tulimwita préfet, alikuwa ameketi nyuma kabisa na daftari lake la ukaguzi, miguu yake mirefu imejitokeza kando ya dawati.

Somo lilikuwa makoloni ya Waingereza kule Amerika. Wanafunzi walitaka nifike haraka kwenye vita. Niliwaambia wasubiri, kwa sababu ugomvi ule ulianza zamani kabla ya bunduki, ulianza na neno kuwakilisha.

"Wakubwa wa Waingereza kule Londres walisema mbunge mmoja anawakilisha watu wote wa mfalme," nilieleza, "hata wale wasiompigia kura, hata walio ng'ambo ya bahari. Na bunge likishaamua, hakuna aliye juu yake. Lakini kule Amerika watu walikuwa wamekaa miaka mingi na mabaraza yao. Walimchagua jirani, wakamwandikia la kwenda kusema, na akiwageuka walimtoa. Tena walikuwa na hati za kuanzishia makoloni yao, wakazishika kama mpaka wa shamba: mtawala afike hapa, asivuke. Walikuwa wanazungumza lugha moja na Londres, ila hawakuelewana tena."

Msichana mmoja, Neema, aliinua mkono. "Alors Mwalimu, ule député wa Londres, alikuwa analalaka wapi?"

"Londres."

"Na anawasemea batu bale bote?"

Darasa likacheka. Kisha akauliza swali la pili, na kicheko kikaisha. "Na batumwa? Bao, nani aliwasemea?"

Nilimjibu kweli. Hakuna. Waliodai kusemewa na watu wao wenyewe waliwanyima sauti hiyo hiyo watumwa wao, wake zao na wenyeji wa nchi ile.

Préfet aliandika kitu. Baada ya kengele alinishika kiwiko. "Bon, Mwalimu. Leçon nzuri. Lakini kesho ufundishe Roma. Unasikia redio inavyosema juu ya waasi, hapana?" Hakuwa mtu jasiri, Papa Kalinda. Barua ya mkaguzi wa mkoa ilitosha kumnyima hamu ya chakula cha mchana.

Alhamisi tulisikia milipuko upande wa kilima.

Askari wa serikali walipita barabara kuu wakienda upande mwingine. Baadhi walikuwa wamevua magwanda.

Saa tisa mchana waasi walikuwa sokoni.

Wiki moja baadaye walituita kwenye uwanja wa shule: walimu, wachungaji, akina mama wa sokoni. Komanda wao alisimama kwenye ngazi, na kando yake mwanamume mnene aliyevaa suti ya buluu, ambaye hakuna aliyemjua. Komanda alisema huyu ndiye msimamizi mpya wa mji. Atatusemea kila mahali. Sisi tulitakiwa kutia sahihi karatasi kwamba wananchi wamemkubali.

Karatasi ilianza na préfet. Alivaa miwani, akasoma mstari kwa mstari kama alivyosoma ripoti zetu, halafu akainua uso.

"Mon commandant, pardon. Huyu muheshimiwa, analalaka quartier gani, mtaa gani?"

Mama mmoja muuza samaki akacheka, na kicheko kikatambaa uwanja mzima. Sidhani préfet alikusudia kuchekesha. Nadhani aliuliza kwa sababu karatasi ilihitaji jibu hilo, na yeye hakuwahi kusaini karatasi yenye pengo.

Komanda hakucheka. Préfet akaendelea. "Minaomba utupe siku moja. Kila quartier ilete muntu wake. Tutakuletea majina."

Komanda akaichukua karatasi, akasema, "Kesho."

Mchana ule ule watu walikuja darasani kwangu mtaa baada ya mtaa. Walibishana. Walitukanana kidogo. Akina mama walikataa kuondoka hadi nao wawe na mtu wao, na wakamchagua yule muuza samaki. Mimi niliandika majina ubaoni kwa chaki, saba kwa jumla. Tangu nizaliwe sikuwahi kuona mji wetu ukichagua kitu kwa mkono wake.

Asubuhi waasi walikuja kabla ya kengele.

Nilikuwa darasani peke yangu. Kupitia dirishani niliona buti zao na bunduki tayari, nikaelewa: majina waliyataka ili wawakamate wenye majina.

Majina yalikuwa bado ubaoni.

Nilifuta kwa kitenge nilichojifunga, kwa kiganja, kwa mkono mzima hadi kwenye bega. Mlango ulipofunguka, ubao ulikuwa na ukungu mweupe tu.

"Majina iko wapi?"

"Sijui."

Waliweka mkono wangu wa kushoto juu ya dawati na kuupiga kwa kitako cha bunduki. Waliuliza tena. Sikusema.

Nje, nyuma ya maktaba, nilisikia risasi mbili. Baadaye majirani waliniambia préfet alikuwa ametoka ofisini mwenyewe, akawaambia majina yote yamo kichwani mwake na hatayatoa.

Walibeba mwili wake kwa gari, wakaniacha mimi darasani. Hatukuonyeshwa kaburi.

Nilivuka mpaka siku tatu baadaye nikiwa na mkono uliofungwa kwa kitenge kile kile. Miaka ya kambi ya wakimbizi sitaieleza hapa. Leo nakaa Ulaya, mtaa wa Saint-Josse, ghorofa ya pili, juu ya kinyozi. Kila alfajiri nachukua metro, treni ya chini ya ardhi, hadi kituo cha Schuman kusafisha ofisi za wakubwa wa Ulaya, watu wanaowasemea watu wengine. Vidole viwili vya kushoto havikunjiki, kwa hiyo nakamua kitambaa kwa mkono wa kulia.

Jumapili moja mwaka huu, baada ya misa, watu wa mji wetu tulialikwa ukumbini nyuma ya mgahawa mmoja mtaa wa Ixelles. Tuliambiwa kuna jambo la maendeleo. Kulikuwa na wali, sombe ya majani ya muhogo, na samaki. Halafu mtu akasimama kuzungumza, na nikamjua kabla hajataja jina. Amezeeka, amekonda. Ni yule yule wa suti ya buluu, aliyesimama kando ya komanda kwenye ngazi.

Alisema amepata miadi na wakubwa wa Ulaya kuhusu nchi yetu. Alihitaji barua tu, kwamba sisi watu wa mji tunamtambua kuwa msemaji wetu. Karatasi ikaanza kuzunguka mezani pamoja na kalamu.

"Maman, signer tu, tukule," jirani yangu alinong'ona.

Nilisimama. Niliisukuma karatasi pembeni.

"Huyu mzee, huyu tonton wenu, alishatusemea mara moja," nilisema. "Hatukumutuma. Papa Kalinda aliuliza, wakamuua asubuhi yake."

"Maman, ile ilikuwa vita," alisema yule bwana, kwa upole. "Mimi sikubeba bunduki. Tusifukue wafu."

"Mimi natafuta kufukua. Utuonyeshe tu mulimuweka wapi."

Aliinamisha macho, akaomba maji.

Watu kumi na mmoja walitia sahihi siku ile. Nawafahamu wote, na wawili ni rafiki zangu hadi leo. Sisi wengine tuliacha chakula mezani. Wiki hiyo tukaandika barua yetu kwa wakubwa wale wale: huyu bwana hatusemei, na kila aliyeandika hapa anajisemea. Hatujapata jibu. Tunaandika ya pili.

Nimejiuliza mara nyingi tulipata nini. Mji haukuponywa na majina yale. Wanne kati ya wale saba wamekufa, muuza samaki mmojawao. Neema sijui aliko. Préfet angetia sahihi, pengine angekuwa babu sasa. Nikisema ilistahili, nitakuwa nasema kwa mdomo wa mtu ambaye hayupo.

Nilimpigia simu mjane wake, Maman Faida, ambaye bado yuko Kivu. Nilimsomea barua ya pili.

"Munamuitaka shujaa," alisema. "Mimi nilipenda arudi nyumbani akule."

Nikamwambia najua. Nikamwambia halazimiki kutia jina lake katika barua hii.

"Nani amesema nakataa? Niandike."

"Niandike mjane wa Kalinda?" nikauliza.

"Hapana. Andika Faida." Akanitajia jina lake lote, polepole, herufi kwa herufi, nami nikaliandika.