Kompaila Iliyofukizwa Udi

Mimi nna hasira za karibu, nasema mapema. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya Maskati, na lugha ya kompyuta iitwayo C nimejifundisha mwenyewe kwa kitabu cha kuazima. Mkuu wangu, Mwomani aliyekulia Tabora, akanambia, "Binti, niandikie programu ya kupanga likizo za wafanyakazi. Ikifanya kazi Jumamosi, unahamia chumba cha kompyuta. Ikishindikana, rudi kwenye barua zako na usinisumbue tena." Wallahi, nilizichukia zile barua.

Akanipa mashine ya kwenda nayo nyumbani, na kompaila mbili nichague. Kompaila ndiyo inayogeuza maandishi yako ya C yawe kitu mashine inachokielewa. Moja ilikuwa na disketi sita ndani ya sanduku la kung'aa, ina rangi, na ukikosea inakuonesha pahala hasa. Ya pili disketi moja tu. Ukikosea inatema namba ya mstari, basi. Nani atamwacha tajiri achague masikini? Ile ndogo nikaitupa kwenye mkoba, ile kubwa nikaiweka mezani kwa heshima zote.

Alkhamisi asubuhi, siku ya mapumziko kule, natoka kuoga, nyumba nzima inanukia udi. Mama ameweka kitenga cha kufukizia nguo juu ya chetezo cha makaa, na juu ya kitenga, kando ya kanga zangu, disketi zote sita zimepangwa.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nazifukiza. Kitu kipya hakianzi kazi bila udi. Nakutakia baraka."

"Zimepinda!"

"Kwani barafu hizo, ziyayuke?"

Nikafoka maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake. Mama akaziokota moja moja, akazipangusa kwa ncha ya kanga yake. Hapo nikaona haya, nikamshika miguu. "Nisamehe, mama'ngu."

"Nshakusamehe. Sasa ile nyengine iko wapi?"

Ijumaa yote nikashinda na ile nyengine. Lo, kumbe ni umeme! Kubwa ingekuwa bado inadai disketi ya tatu, hii imeshanitajia makosa yangu yote, nayo hayakuwa haba. Mama akaniletea chai, akachungulia. "Mdharau mwiba mguu huota tende."

"Haya mama, tende nimeota."

Magharibi mashine ikaacha kulalamika.

Jumamosi mkuu akasimama nyuma yangu. Akaandika jina lake. Likizo yake ikatokea. Akajaribu kudanganya, akaweka siku ya kurudi kabla ya siku ya kuondoka, programu ikamkatalia. Akacheka. "Na ile kubwa iko wapi?"

Ningeweza kusema uongo. Nikamwambia yote, udi na mama na nilivyomfokea, nikangoja kufukuzwa.

"Mama yangu alinifukizia pasipoti," akasema. "Picha ikabanduka. Nami nilimfokea, na sikuwahi kumwomba radhi."

Akaelekeza mkono chumba cha kompyuta. "Hamisha kiti chako."

Nikakibeba mwenyewe, machozi yananitoka mbele ya wanaume wote wale.