Dereva wa Kwanza wa Panzi

Kabla hujaanza kucheka, nakuomba kitu kimoja. Siku ukipita Mwankoko, huku Singida, uliza nyumba ya fundi mageti mwenye pikapu ya rangi ya chungwa. Mtoto yeyote atakupeleka. Mama yangu atakukaribisha maziwa mgando, na haya ninayokusimulia atayasimulia yeye vizuri kuliko mimi, maana yeye ndiye aliyemtambua yule mgeni. Mimi sinywi, sivuti, na habari za mizimu nilikuwa nawaachia wanaoogopa giza. Na hili wala halikutokea gizani. Lilitokea saa saba mchana, jua liko utosini, redio ya jirani inaimba taarabu.

Naanza na gari, kwa sababu nikianza na mgeni utaniona mwongo.

Kazi yangu ni kuchomelea mageti na madirisha. Kuna mzee mmoja wa Kihindi pale mjini, ana duka la nondo na mabati alilorithi kwa baba yake. Nilimtengenezea mageti ya ghala, tukakubaliana ujira wangu uwe pikapu kuukuu iliyokuwa imekaa nyuma ya ghala hilo tangu enzi za baba yake. Pikapu ya zamani kweli, pua ndefu, taa za macho ya chura. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti. Siku inashushwa nyumbani, mke wangu, Mama Debora, aliizunguka mara moja, akauliza kama na mayai yamo.

Mwache acheke. Mimi kwenye simu nilikuwa nimeona Wamarekani wanavyozifanya pikapu za babu zao. Wanakata paa linashuka, boneti wanaitupa ili injini ionekane na kila mpita njia, tairi za nyuma pana, za mbele nyembamba, na rangi ya kuumiza macho. Moyo wangu ulihama. Nilisema na Singida itakuwa nayo moja, na itatoka kwenye banda langu. Zaidi ya mwaka nilikata na kuunga. Nikaweka injini ya silinda sita ya kabureta kutoka kwenye gari lililogonga mti, nikasimamisha ekzosi mbili nyuma ya kebini. Pua ikalala chini, tako likapanda juu. Majirani wakaliita Panzi, nami nikalikubali jina, kwa kweli ni panzi mtupu.

Shida ilikuwa banda. Banda hilo tulilijenga kwa ajili ya alizeti. Msimu wa nyuma magunia yalilala sebuleni, wageni wakawa wanakalia mavuno. Mwaka huu Mama Debora hakupiga kelele, na wewe mwenye ndoa unajua kelele ni afadhali. Alikuja mlangoni mwa banda akasema, "Baba Debora, Jumamosi magunia yanatoka shamba, kule Ikungi. Hilo gari litoke humu kwa matairi yake, au litoke kwa kilo." Na mnunuzi wa vyuma chakavu alikwisha kuambiwa aje na mizani yake.

Sasa niambie, gari limekamilika kila kitu, lina rangi, lina viti, kwa nini nihangaike? Kwa sababu lilikuwa halikai likiwaka. Ukipiga stata linaitika mara moja, linanguruma mpaka vikombe vinacheza kabatini, unaanza kutabasamu, halafu linakohoa na kuzima. Ukiliacha lipumzike linawaka tena, vilevile, na linazima tena, vilevile. Nilibadilisha plagi. Kabureta niliifungua mpaka nikawa naiota. Fundi umeme alitoka mjini, akapima kila waya, akaondoka anatikisa kichwa.

Alhamisi mchana nilikaa juu ya ndoo nikaliangalia. Nasema bila haya, machozi yalinilengalenga. Usifanye mzaha na mtu aliyejenga kitu kwa mikono yake halafu akaambiwa kitapimwa kwa kilo.

Ndipo akaingia yule kijana.

Mrefu, umri kama wa wanachuo, shati jeupe limepigwa pasi, kaptula ya kaki, viatu vinang'aa. Singida ya mwezi wa sita unaijua? Upepo unavyokumwagia vumbi mpaka kwenye chai? Viatu vyake havikuwa na hata punje. Nililiona hilo, niamini, lakini sikulitilia maanani, kwa sababu kulikuwa na jambo lililonikera zaidi. Alisimama mbele yangu, mikono nyuma, akasema, "Hujambo, bwana mdogo?"

Mimi! Mwenye mvi kichwani na binti aliyeko chuo! Kwetu huku mtu anaweza kukuibia kuku mkasameheana, lakini kijana akikupita bila shikamoo, hilo utalisimulia hadi msibani. Nikamjia juu.

"Wee dogo, kwenu hawafundishwi kuamkia wakubwa?"

"Tunafundishwa sana," akajibu, wala hakukasirika. "Nilikuwa nakusubiri uniamkie, naona una mawazo."

Niliinuka na spana mkononi nimtoe nje. Yeye alikwisha kunipita. Alikuwa anapapasa paa la Panzi, pale nilipolikata na kuliunga upya, akicheka peke yake. "Mmemkata kichwa," akasema. "Lakini amependeza. Washa."

Usiniulize kwa nini nilitii. Nilipanda, nikawasha. Likanguruma, vikombe vikacheza, kisha likakohoa na kuzima kama kawaida yake. Kijana hakuitazama injini hata kidogo. Alizunguka ubavuni, kwenye tangi la mafuta, ambalo ndilo lile lile la zamani, sikulibadilisha. Kifuniko tu ndicho kilikuwa kipya. Nilikichonga mwenyewe, cha kung'aa, nikakitia mpira ndani ili harufu ya petroli isitoke. Katika gari zima hakuna kitu nilichojivunia kama kifuniko kile.

Akakizungusha. Tangi likavuta hewa, fyuuuu, kwa muda mrefu, mfano wa mtu aliyezamishwa kichwa kwenye pipa akaachiliwa.

"Umemziba pumzi," akasema. "Petroli ikitoka, hewa lazima iingie. Isipoingia, petroli inagoma kutoka. Kifuniko changu kilikuwa na tundu, nililitoboa kwa msumari."

Changu, alisema. Neno nililisikia, likanipita. Akili yote ilikuwa kwenye drili. Nilitoboa kile kifuniko changu kizuri katikati, nikakirudisha, nikawasha. Panzi akanguruma. Tukasubiri. Akaendelea. Jirani akazima redio yake aje asikilize, na Panzi bado yumo tu, hakohoi, hapungui. Nilishuka nikacheza. Nilicheza peke yangu kwenye lile vumbi, mikono juu, na kijana anapiga makofi kunifuatisha. Wewe ungefanya nini?

Ni hapo mama alipotoka nyumba kubwa na sinia la viazi vitamu. Mama yangu ni bibi kizee, mgongo umeinama, na heshima yake mtaa mzima wanaijua. Hata mwenyekiti wa mtaa humwamkia akiwa amevua kofia. Alimwona kijana. Akasimama. Akaliweka sinia chini taratibu, akapiga magoti, mama yangu mimi, mbele ya mtoto anayeweza kuwa mjukuu wake, akasema, "Shikamoo, baba."

Na kijana akaitikia, bila kushangaa, "Marahaba, mwanangu. Umekua."

Spana ilianguka, sikuisikia.

"Meno ya mbele yaliota?" kijana akamuuliza.

"Yaliota, baba," mama akasema, akafumbua mdomo kumwonyesha. "Na yameng'oka tena."

Wakacheka wote wawili! Wakaendelea kwa Kinyaturu, kile cha ndani cha wazee, ambacho vijana wa siku hizi hawakijui na hata mimi nakishika nusu. Niliona mama anamnyooshea kidole, amebinua midomo kabisa kama mtoto. Nikaelewa maneno machache tu: uliahidi kutupandisha. Naye akamjibu, nimekuja kwa hilo.

Hofu nilikuwa nayo, sikufichi. Lakini ni vigumu kuendelea kuogopa mtu anayemfanya mama yako acheke vile. Tangu baba afariki sikuwa nimemsikia mama akicheka mpaka kushika mbavu. Kijana akamshika mkono, akampandisha mbele, mahali pa abiria, akamweka vizuri gauni lisibanwe na mlango. Kisha yeye akarukia nyuma, akasimama ameshika kebini. Akapiga paa kwa kiganja, pa, pa, kama konda anayemwambia dereva twende.

Nikaenda. Ningebishana na nani?

Tulitoka bandani kwa matairi yetu. Tulizunguka Mwankoko yote, upepo usoni, ekzosi zinaunguruma, mbwa wanatukimbiza, wanawake waliokuwa wakianika mahindi wakapiga vigelegele bila kujua wanashangilia nini. Mama alitoa mkono dirishani akawapungia watu kama mgombea ubunge. Alikuwa anaimba wimbo wa kitoto nisioujua. Na nyuma ya kisogo changu, naapa, kulikuwa na sauti ya kiume inamwitikia.

Tuliporudi nikazima gari, nikageuka. Nyuma palikuwa patupu. Nikamuuliza jirani, yule mwenye redio, kijana ameshukia wapi. Akanitazama kwa huruma. "Kijana gani? Mmeondoka wewe na mama yako. Mimi nimekuona unacheza peke yako, nikajua furaha imezidi."

Jioni mama akanieleza. Alipokuwa mtoto, pikapu ile ilikuwa inapeleka bidhaa za duka minadani, na dereva wake alikuwa kijana mmoja, Ntandu, aliyependwa na watoto wa njia nzima. Aliwaahidi kwamba siku atakayorudi na gari tupu atawapandisha wote. Akaenda Kinampanda na mzigo, homa ikamshika huko huko, hakurudi. Gari lililetwa na mtu mwingine. Watoto walikaa kando ya njia siku ile mpaka wakaitwa kwenda kula. Nikampigia simu yule mzee wa duka la nondo, nikamuuliza kwa mbali tu, dereva wenu wa kwanza alikuwa nani. Akasema Ntandu, hata baba yake alikuwa akimtaja, kijana msafi aliyekuwa akitoboa vifuniko vya tangi kwa msumari.

Jumamosi mnunuzi wa vyuma alikuja na mizani yake, akakuta banda tupu. Panzi alikuwa Ikungi. Tulipakia magunia ya alizeti mpaka springi zikalalamika, Mama Debora akapanda mbele, nikaweka gia. Injini inaunguruma vizuri, gia imeingia, gari halisogei. Nikaongeza mafuta, halisogei. Mke wangu akashuka huku akinung'unika, akaenda nyuma, akakuta kona moja ya kamba hatukuifunga kabisa. Magunia ya juu yangemwagika kwenye tuta la kwanza. Akaifunga, akarudi, akakaa. Pa, pa, juu ya paa letu. Panzi akaondoka mwenyewe kama aliyefunguliwa kamba. Mama Debora ni mwanakwaya, haamini mambo haya. Alisema ni upepo. Akatazama mbele mpaka tunafika nyumbani, na yule mnunuzi wa vyuma, aliyekuwa bado anatusubiri, akatusaidia kushusha magunia.

Leo alizeti inalala bandani, na Panzi analala uani. Hakuuzwa wala hatauzwa. Jioni ni Mama Debora mwenyewe anayemfunika turubai, na bado anasema ni upepo. Lakini juzi tulikuwa tunapeleka vitunguu mnadani, nikataka kuondoka haraka, akanishika mkono wa gia. "Subiri," akaninong'oneza. "Hajapiga."

Mimi nami nimebadilika, na mtaa unanicheka. Nimekuwa naamkia kila mgeni nisiyemjua. Waendesha bodaboda nawapa shikamoo, wanafunzi nawapa shikamoo, wanakimbia wakicheka. Waache. Nilishamkaripia mtu aliyezaliwa kabla ya mama yangu, na sitarudia.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, unayepitapita nyuma ya maghala ukitafuta chuma cha kufufua, nakuonya. Usikate paa kabla hujauliza nani alikuwa anaendesha, na aliwaahidi nini watu wa njiani. Uliza vizuri, uliza wazee. Kwa sababu kuna siku utakaa kwenye usukani, na juu ya kichwa chako, pa, pa, na nyuma hakuna mtu. Siku hiyo usigeuke kutafuta. Weka gia, uende, na ukikuta watoto kando ya njia wanakupungia, simama uwapandishe.