Lile la Kutupa

Fundi wa kompyuta wa hospitali alikuwa na shahada, miwani na kauli ya mwisho. Kazi yake ilikuwa kutengeneza masomo ya wafanyakazi na kuyafunga kwa utaratibu mmoja, ili mfumo wa hospitali uyasome na upokee alama. Utaratibu huo una toleo la zamani na toleo jipya. Wakubwa wakamuuliza mkutanoni, tutumie lipi?

"La zamani ni la kutupa," akasema, mkono mfukoni. "Limechoka. Halina akili."

Wakubwa wakaitikia kwa vichwa, kwa hekima, likapita jipya. Hawakuelewa kitu, ila nani anataka kuonekana mshamba? Aliyekuwa akimimina chai ni mpishi mkuu wa hospitali, mama mzaa mke wa fundi. Akamtilia mkwewe sukari, akaendelea kumimina.

Basi mfumo wenyewe wa hospitali ulikuwa mkongwe. Toleo jipya ulilionyesha vizuri tu, picha zinacheza, sauti tamu, lakini alama ulizimeza zote. Bwana msomi hakuwa amejaribu kwanza. Kujaribu ni kwa watu wasio na uhakika.

Mama mkwe akasoma somo la usafi wa jikoni, akajibu maswali yote. Mfumo ukaandika: hajaanza. Akarudia. Hajaanza. Mtu aliyepika humo tangu mkwewe anavaa kaptula, eti hajaanza. Na tangazo lilikuwa ukutani: asiyefaulu somo hili kabla ya mwisho wa mwezi anatoka jikoni, anakwenda kufua mashuka.

Mke wa fundi hakumzungusha mumewe. "Mama yangu akienda kufua mashuka, na wewe nguo zako utajifulia."

"Mwambie arudie mara moja tu."

"Mwambie wewe. Mimi mdomo huo sina."

Wala yeye hakuwa nao. Mbele ya wakubwa simba, mbele ya mama mkwe macho hayabanduki kwenye viatu. Akazunguka na jambo lake. Mwishowe akalifunga somo upya kwa toleo la zamani, kimyakimya, akalipa jina la heshima: Toleo Lililoimarishwa. Akaenda jikoni.

"Shikamoo mama. Naomba ujaribu tena, nimeliimarisha."

"Marahaba, baba."

Akafuta mikono, akaketi, akajibu. Mfumo ukaandika: amefaulu. Mama mkwe akamgeukia.

"Umeliimarisha vipi?"

Fundi akakohoa. "Nimerudisha la zamani, mama."

"Lile la kutupa?"

"Ndiyo, mama."

"Lililochoka. Lisilo na akili."

"Ndiyo."

"Mh. Na hawa wenzangu wa jikoni, wao nani atawaimarishia?"

"Hayo mpaka wakubwa wakubali."

"Si wapo juu wanakutana?" Akainua chupa ya chai. "Tangulia, baba. Mimi nabeba chai, wewe beba maneno yako."

Fundi akasema yote mbele ya wakubwa, mikono yote miwili nje ya mifuko. Chai ya safari hii haikuwa na sukari, akainywa mpaka chini.