Siku niliyojifanya maiti mbele ya Landrova ya meneja ili msitu wa kisima usikatwe

Wakuu, walionizidi umri nawaamkia shikamoo, ingawa humu nadhani mmebaki wachache. Vijana, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Nipo zangu Kanyenye hapa Tabora. Mvua imenifungia ndani, bando ninalo, mke amekataa kunisikiliza. Nimebaki na nyinyi.

Haya mambo yamenipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa. Chumvi nitatia ya kuonja tu, nyama yenyewe ni ya kweli.

Kuhusu elimu yangu msiulize sana. Niliishia darasa la sita. Mimi na mwalimu wa hesabu tulikubaliana kwamba hatufai kuonana. Kwa hiyo mkikuta nimekosea kuandika, nisahihisheni kimoyomoyo.

Twende.

Miaka ile ya Ujamaa imepamba moto nilikuwa kibarua kwenye mradi mmoja wa tumbaku, mali ya umma, jina nalibania. Kambi yetu ilikuwa magharibi ya Tabora, pembeni ya ile njia ya zamani ya misafara, waliyokuwa wanapita babu zetu kwenda Ujiji na kurudi na mizigo kichwani.

Kazi yangu ilikuwa kukata kuni.

Kwa wasiojua: tumbaku ikivunwa inakaushwa kwa moto kwenye bani, yaani kijumba cha udongo kisicho na dirisha. Bani linakula kuni kama mgeni aliyekuja na njaa ya kwao. Usiku linakula, mchana linakula. Sisi ndio tulikuwa tunalilisha.

Tulifanya kwa kipande. Kila mtu na rundo lake. Ukilimaliza, siku yako imehesabiwa. Usipolimaliza, ulikuja kutembea tu.

Sasa jirani kabisa na kambi kulikuwa na msitu tuliouita msitu wa kisima. Miti ya mitundu na mininga, na katikati kisima kisichokauka hata kiangazi kikali. Juu ya miti imening'inia mizinga ya nyuki ya magome, ya watu mbalimbali, kila mmoja anaujua wake.

Mle shoka lilikuwa haliingii. Kuni unazifuata mbali, na huko mbali unakata upande mmoja tu, unaacha visiki virefu vichipue, msimu mwingine unahamia upande wa pili. Hakuna semina iliyotufundisha. Tulizaliwa tukakuta ndivyo watu wanavyofanya, kama unavyokuta watu wanakula kwa mkono wa kulia.

Mimi mwenyewe nilikuwa na mizinga miwili mle. Mmoja nyuki walihama. Mpaka leo sijui niliwaudhi nini.

Taabu ikawa kutembea, wakuu.

Kila msimu mbali kunazidi kuwa mbali. Lori la mradi bovu, spea hakuna. Tunaondoka kambini bado giza, tukifika jua limeshatuchukia. Na rundo ni lile lile, halipungui hata kijiti. Kutembea hakuhesabiwi.

Basi taratibu baadhi ya wenzetu wakaanza kuutazama msitu wa kisima kama paka anavyotazama kitoweo cha jirani.

Nyapara wetu, Shija, mtu wa kupenda kusifiwa, akapeleka habari kwa meneja kwamba kuni ziko hapa hapa nyuma ya mabani. Meneja akatoa agizo: kuanzia Jumatatu, watu wote wakate msitu wa kisima. Asiyetaka afunge virago.

Hapo mnielewe vizuri. Kukubali ilikuwa kuua kisima tulichokuwa tunakunywa na mizinga ya watu. Kukataa ilikuwa kukosa kazi, na wengi wetu hatukuwa na pa kwenda zaidi ya kurudi kwa wazazi kulishwa tena michembe, vile viazi vikavu, kama watoto.

Kamati ya wafanyakazi ikakutana. Katibu wake alikuwa binti mmoja, Nyamizi, kazi yake kufunga majani ya tumbaku kwenye vijiti. Ni huyu huyu aliyekataa kunisikiliza leo. Baadaye alikosea njia akaolewa na mimi.

Mkutano ulikuwa moto. Jamaa mmoja akasimama akauliza: "Huo msitu wenu unalindwa na nani? Si miguu yangu? Nikirudi nimevimba, nyuki wananikanda?"

Watu wakaitikia kwa vichwa. Maana kweli.

Mimi nilikuwa upande wa msitu, lakini miguu yangu ilikuwa upande wa yule jamaa.

Nyamizi ndiye aliyelifungua fundo. Akasema tumekuwa tunadai nusu. Tukisema msitu usikatwe halafu tukanyamaza, tunamwambia kibarua aulinde bure. Tudai vyote viwili kwa pamoja: msitu ubaki, na njia ya kwenda kwenye kuni ihesabiwe kuwa ni kazi, rundo lipungue kwa wanaokwenda mbali.

Sasa nani akamwambie meneja? Kamati ilishaomba kuonana naye, Shija akarudi na jibu kwamba mkubwa hana nafasi.

Ule Mwongozo wa chama ulikuwa umeshatoka, unaowakataza viongozi kuwa na jeuri kwa wafanyakazi, na vijana wetu walikuwa wanautaja kama vile waliuandika wao. Wakataka tumfungie meneja geti. Nyamizi akawauliza, mkifunga geti majani yaliyomo mabanini yatasubiri? Yale ni jasho la wakulima wa vijiji vya hapa hapa, shangazi zenu na wajomba zenu.

Wakaliacha geti.

Ndipo nikafungua mdomo wangu. Nikasema jamani, mbona rahisi, yule si Mzaramo? Ni mtani wangu. Niachieni mimi.

Vijana wa siku hizi utani mnaujua wa kwenye simu. Wetu sisi Wanyamwezi na Wazaramo ulitoka kwenye ile njia ya misafara. Mtani unamwambia lolote, hata mbele ya wakwe zake, na hakasiriki. Unaweza kumzibia njia mpaka akupe kitu. Akikasirika, yeye ndiye ameharibu.

Ushahidi wangu kwamba meneja ni Mzaramo ulikuwa mzito: katoka Dar es Salaam, Ijumaa anavaa kanzu, na jikoni kwake kunanukia wali wa nazi. Nazi, wakuu, Tabora. Nikaona nani tena kama si Mzaramo?

Nyamizi akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe maisha yako yote ni mdomo. Haya, leo ukaufanyie kazi."

Jumamosi asubuhi meneja alikuwa na kawaida ya kwenda sokoni mjini. Nikajilaza katikati ya barabara, nimejifunika shuka ya merikani, pamba nimejitia puani mpaka napumua kwa mdomo. Kamati wakakaa pembeni kama wafiwa.

Kitu kimoja sikukipeleleza. Nililala kwenye njia ya sisimizi. Maiti nikawa natafunwa kwa awamu.

Landrova ikaja ikasimama. Nikaanza kusema nikiwa ndani ya shuka: mimi Mnyamwezi nimekufa, nimeuawa na Mzaramo, siondoki hapa mpaka nikombolewe. Nikamtukana meneja utani wote ninaoujua, mpaka wa kichwa chake na nazi.

Hakuna aliyecheka.

Nikasikia mtu anainama karibu na sikio langu. Ni Shija. Sauti yake ilikuwa ya raha kabisa. "Mpumbavu wewe. Bwana meneja ni Mhaya. Kakulia tu Dar es Salaam."

Wakuu, nilitamani kufa kweli. Mhaya na Mnyamwezi hakuna utani wowote. Kwa hiyo nilichofanya ni kulala barabarani na kumtukana mwajiri wangu. Jumamosi, mbele ya mashahidi.

Nikasikia meneja anamwambia Shija hilo jina langu aliandike. Basi. Nikaanza kuwaza michembe ya mama.

Mara mlango wa upande wa pili ukafunguliwa. Kandambili, pata pata, zikaja mpaka kichwani kwangu. Shuka ikafunuliwa. Mama mmoja mnene, kanga mbili, ananitazama kama anachagua samaki.

"Wewe Mnyamwezi hata kufa hujui," akasema. "Babu zako walifia njia hii hii na mizigo ya watu, wewe umefia wapi? Kwenye sisimizi."

Nikamtambua. Yule ni Mama Mwajabu, mke wa meneja. Mzaramo. Nazi zilikuwa zake.

Nikamjibu hapo hapo, pamba puani: "Na babu zako walikuwa wanatungoja pwani na ngoma, mzigo hawashiki hata kamba."

"Maiti ana mdomo huyu. Mzikeni haraka kabla hajaomba chai."

Watu wakaangua kicheko, Nyamizi naye, nilimwona. Mama Mwajabu akajishika kichwa, akaanza kunililia kwa sauti ya msiba kabisa, anataja visa vya uvivu wangu kimoja kimoja kama vile tumeishi nyumba moja. Alipochoka akaniuliza nakombolewa kwa nini, kuku?

Nikasema sitaki kuku. Nataka mume wako ashuke aisikilize kamati.

Meneja akiwa ndani ya gari akasema yeye si mtani wa mtu hapa.

"Wewe si mtani," mkewe akamwambia bila kugeuka. "Umeoa kwa watani. Hiyo mbaya zaidi. Shuka, Baba Mwajabu, maiti asiniozee njiani."

Akashuka. Sijui kama ni mapenzi au woga, mimi mwenyewe nimeoa na bado sijui tofauti.

Na niseme haki, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anabanwa na wakubwa wa juu, na mabani yalikuwa na njaa kweli. Akauliza swali la maana: "Mnataka msitu ubaki. Sawa. Kuni zitoke wapi?"

Nyamizi akamjibu kwamba zitoke kule kule zinakotoka, ila mzee uhesabu njia. Ukikata hapa utapata kuni za msimu mmoja, halafu mwakani kuni ziko mbali vile vile, na maji nayo yamekuwa mbali. Utakuwa na vibarua wanaotembea mara mbili.

Meneja akawageukia wale waliokuwa wamechoka, akamwuliza yule jamaa wa nyuki wananikanda: rundo likipunguzwa, utakwenda mbali? Jamaa akasema atakwenda hata na mke wake.

Mama Mwajabu akaongeza kwamba hicho kisima ndicho kinachompikia wali wake, na siku atakapooshewa mchele kwa maji ya tope atarudi kwao.

Jumatatu shoka halikuingia. Rundo likapunguzwa kwa wote wanaokwenda mbali, na Shija ndiye aliyetumwa kututangazia. Alitangaza kama anayemeza kwinini.

Sitawadanganya kwamba ilidumu milele. Meneja yule alipohamishwa, aliyefuata alirudisha rundo la zamani, ikabidi kamati ianze upya, na bila mtani safari hii. Lakini kisima kipo mpaka leo, na miti iliyokizunguka ipo, siyo yote, lakini ipo.

Kabla hawajahama, mimi na Nyamizi tukaoana. Tunatoka kwa wakwe na ngoma, tunakuta mtu amelala katikati ya njia, kajifunika kanga gubigubi.

Nikamjua kwa kandambili.

Nikamwambia Mama Mwajabu amka, kuku huyu hapa. Akasema chini ya kanga: "Maiti wa Kizaramo hafufuki kwa kuku. Nataka asali ya msitu ule niliokuachia."

Nilirina asali nikiwa na suruali ya harusi, wakuu. Nyuki hawakujali kwamba ni siku yangu. Picha ya harusi ipo ukutani hapa, bibi harusi amependeza, bwana harusi ana jicho moja.

Nilichojifunza ni hiki. Anayelinda msitu mara nyingi ni mtu mwenye shoka mkononi ambaye ameamua kwenda mbali zaidi. Sasa huyo mtu mhesabieni njia. Msipomhesabia, siku moja atachoka, na hamtakuwa na haki ya kumlaumu.

Na kabla ya kumtukana mtu, uliza kabila.

Wa Urambo, wa Nzega, wa Kigoma, na nyinyi mliokaa maofisini: kwenu njia inahesabiwa? Na watani zangu Wazaramo, najua mko humu, uwanja ni wenu, nitukaneni mnavyotaka.

Mimi naishia hapa, mvua imekatika. Nyamizi amesimama mlangoni na ndoo, anasema ule mzinga wangu uliobaki umejaa, niende nikarine. Nimemwuliza kama kutembea kunahesabiwa.

Amenikabidhi ndoo.